Shule za Mkataba Kule Marekani: Na Wanaobaki Je?

 

Bila shaka mnaukumbuka mdahalo wetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa kwamba pesa za serikali zimfuate mwanafunzi popote pale mzazi wake atakapotaka asome. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliounga mkono, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama mbele ya bwalo zima nikaeleza jinsi Wamarekani walivyoanzisha shule za chata, yaani shule za mkataba, na jinsi watoto wa maskini walivyopata pa kukimbilia. Makofi yakapigwa, nami nikajiona nimefika. Kisha mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mdogo tu hivi, akainua mkono akauliza, "Na wale wanaobaki katika shule ya zamani, wao watapata nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Bwalo likaangua kicheko. Kura zilipopigwa tulishindwa, na ilikuwa haki tushindwe.

Tangu siku hiyo swali lile limenikaa kama mwiba wa samaki kooni. Nimesoma niliyoweza kuyapata, nimemsumbua mwalimu wetu wa somo la Biashara mpaka akanikimbia, na leo nachukua kalamu ili nimjibu yule ndugu yangu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Kwanza tuelewane kuhusu shule zenyewe. Kule Marekani shule za umma haziongozwi na wizara moja iliyo katika mji mkuu kama tulivyozoea sisi. Nchi imegawanywa katika wilaya za elimu kama 13,000 hivi. Kila wilaya ina bodi yake, na bodi nyingi huchaguliwa na wananchi kwa kura. Bodi ndiyo huajiri walimu, hununua mabasi, hujenga madarasa na kupanga bajeti. Pesa hutoka sehemu tatu. Serikali kuu hutoa kiasi kidogo, na zilizobaki hutoka kwa serikali ya jimbo na kwa kodi za pale pale, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Kwa hivyo wilaya yenye majumba makubwa hupata nyingi, na wilaya ya maskini hubaki ikitegemea jimbo.

Shule ya mkataba nayo ni shule ya umma. Wengi wetu tukisikia habari zake hufikiri ni akademia ya matajiri. La hasha! Hailipishi karo, na watoto wakizidi nafasi zilizopo, majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Tofauti ni kwamba haiko mikononi mwa bodi ya wilaya. Kikundi cha walimu, wazazi au shirika fulani hupewa hati na wale walioruhusiwa na sheria ya jimbo. Ile hati ni kama mapatano. Tunawaachia uhuru wa kupanga saa za masomo, kuajiri walimu na kuchagua namna ya kufundisha, nanyi baada ya miaka kadhaa mtuonyeshe matokeo. Mkishindwa, tunaifunga shule.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kulipigia debe wazo hili alikuwa kiongozi wa chama cha walimu, Albert Shanker. Mnamo mwaka wa 1988 alitaka walimu wapewe nafasi ya kuanzisha shule ndogo za majaribio, mambo mapya yajaribiwe humo, na yakifaulu shule nyingine zote ziige. Ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kwanza mwaka wa 1991, na mwaka wa 1992 shule ya City Academy ikafunguliwa katika mji wa St. Paul. Hata hivyo Shanker mwenyewe aligeuka baadaye akazipinga, manake aliona zimeanza kuwa silaha ya kushindana na shule za umma badala ya kuzisaidia.

Mgeni huyo amekua, si haba. Kati ya mwaka wa 2010 na 2021, wanafunzi wa shule hizi waliongezeka kutoka milioni 1.8 hadi milioni 3.7. Hao ni kama 7 katika kila wanafunzi 100 wa shule za umma nchini humo. Lakini hawakuenea sawasawa. Kuna wilaya za mashambani ambazo hazijaona hata shule moja ya aina hii, na kuna miji ambamo theluthi ama nusu ya watoto wamehamia huko. Katika miji kama hiyo ndipo swali la yule mvulana linapouma.

Sasa basi, hebu tuingie jikoni tuone chungu kinavyochemka. Mtoto akihama kutoka shule ya wilaya kwenda shule ya mkataba, sehemu kubwa ya pesa zake huhama naye. Ukisikia hivyo utasema ni haki kabisa. Ikiwa wilaya haimfundishi tena, pesa zake za nini? Hata mimi nilisema hivyo bwaloni. Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba mtoto akitoka, gharama zake nazo hutoka siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu, na namba hizi ni zangu za kuelezea tu. Shule ina wanafunzi 400 katika madarasa 10, kila darasa wanafunzi 40. Kila mwanafunzi huleta dola 10,000 kwa mwaka. Shule ya mkataba inafunguliwa ng'ambo ya barabara, na wanafunzi 40 wanahama. Kama wote 40 wangetoka katika darasa moja, ingekuwa rahisi. Darasa lingefungwa na mwalimu angehamishwa. Lakini watoto hawahami namna hiyo. Wanatoka wanne hapa, wanne pale, mpaka kila darasa linabaki na 36. Sasa niambie, utafunga darasa gani? Hakuna. Walimu 10 bado wanahitajika. Mkuu wa shule ni yule yule. Paa linalovuja halivuji kidogo kwa sababu watoto wamepungua. Basi linapita njia ile ile na kumaliza mafuta yale yale, hata kama viti vinne ni vitupu. Utakachookoa ni vitabu, karatasi na chakula kidogo. Ilhali dola 400,000 zimekwenda!

Sisi wa shule ya kutwa tunaweza kulielewa jambo hili bila taabu, kwa kuwa hata kwetu serikali hupeleka pesa shuleni kwa kuhesabu vichwa. Mwaka ule wanafunzi wachache wa kila kidato walipotuhama, mpishi wetu hakuacha kuwasha jiko lile lile kwa kuni zile zile, na bawabu hakulinda nusu ya lango. Kilichopungua ni safari za vilabu na chaki. Sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mpaka nilipoyasoma ya Marekani.

Wataalamu wamejaribu kulipima pengo hili. Mwaka wa 2018, Helen Ladd na John Singleton walichunguza wilaya kadhaa za jimbo la North Carolina. Katika wilaya ya mji wa Durham walikadiria kwamba shule za mkataba ziliigharimu wilaya kati ya dola 500 na 700 kwa kila mwanafunzi. Nje ya mji hasara ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilikuwepo.

Utauliza, je, wilaya haiwezi kujipunguza? Inaweza, lakini huchukua muda. Hupunguza walimu wa muziki, wauguzi na wakutubi kwanza, kisha huunganisha madarasa, na mwishowe hufunga shule nzima. Hapa ndipo nilipogundua kwamba kinachoamua kama wilaya itapona au itazama ni muda inaopewa na sheria ya jimbo. Nitawaeleza habari za majimbo mawili, Pennsylvania na Massachusetts, nanyi mtaona.

Huko Pennsylvania, wilaya hulipa shule ya mkataba kwa kila mtoto anayehama. Zamani serikali ya jimbo ilikuwa ikirudishia wilaya sehemu ya pesa hizo ili ipate nafuu. Mwaka wa 2011 ruzuku hiyo ilifutwa kwenye bajeti. Kuna wilaya ndogo ya maskini iitwayo Chester Upland, karibu na jiji la Philadelphia, ambako watoto wengi walikuwa tayari wameshahamia shule za mkataba. Mnamo Januari mwaka wa 2012 hazina ya wilaya hiyo ilikauka. Mishahara ikakosekana. Mnajua walimu walifanya nini? Walikubaliana kuendelea kufundisha bila malipo, mpaka jaji akaamuru jimbo liipe wilaya dola milioni 3.2 za kuiokoa kwa muda. Mwaka wa 2015 mambo yalikuwa yale yale, na walimu wakakubali tena kuingia darasani bila kujua watalipwa lini. Shule za mkataba hazikuwa sababu pekee, kwani wilaya hiyo ilikuwa imedhoofika kwa miaka mingi. Lakini mgonjwa aliyedhoofika ukimwondolea na uji, unatarajia nini?

Philadelphia yenyewe haikupona. Mwaka wa 2013 jiji hilo lilifunga zaidi ya shule 20 kwa mpigo na kutuma barua za kuachishwa kazi kwa wafanyakazi zaidi ya 3,700, ingawa baadhi yao waliitwa tena baadaye. Shule ikifungwa, mtoto hutembea mbali zaidi, akipita mitaa asiyoijua, na mtaa wake hubaki na jengo tupu lililopigiliwa mbao madirishani. Yule aliyebaki alikuwa hajahama popote, ila shule ndiyo iliyomhama.

Tuvuke sasa hadi Massachusetts. Huko pia pesa humfuata mtoto. Lakini sheria inasema wilaya ilipwe fidia na jimbo kwa muda fulani ili ijipange. Kwa miaka kadhaa jimbo halikuwa likilipa fidia hiyo yote, na wilaya zikalalamika. Mwaka wa 2016 wananchi waliulizwa kwa kura kama shule mpya za mkataba hadi 12 ziruhusiwe kila mwaka juu ya kiwango kilichowekwa, na karibu 62 katika kila wapiga kura 100 wakakataa. Wengi waliogopa hatima ya shule za wilaya, ingawa shule za mkataba za Boston zinasifika kwa matokeo mazuri. Mwaka wa 2019 ikapitishwa sheria mpya. Gharama ya mkataba ikiongezeka, mwaka wa kwanza wilaya hurudishiwa asilimia 100 ya nyongeza hiyo, mwaka wa pili 60, na mwaka wa tatu 40. Huo ni muda wa kupanga madarasa upya bila kumfukuza mwalimu katikati ya muhula. Jimbo la California nalo, mwaka huo huo wa 2019, liliziruhusu bodi za wilaya kutazama hali ya mifuko yao kabla ya kuidhinisha shule mpya ya mkataba. Kabla ya hapo hazikuruhusiwa kutumia sababu hiyo.

Msije mkadhani nimegeuka kabisa nikahamia upande wa wapinzani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna mahali ambapo mgeni alikuja na mwenyeji akapona kweli. Mtafiti Sarah Cordes alichunguza shule za wilaya katika jiji la New York zilizo karibu na shule za mkataba. Mwaka wa 2018 alieleza kwamba wanafunzi wa shule hizo za wilaya walifanya vizuri zaidi kidogo katika hesabu na kusoma baada ya mgeni kufika, hasa pale ambapo shule hizo mbili zilikuwa ndani ya jengo moja. Zingatieni jambo moja, ndugu zangu. Katika shule hizo za New York pesa kwa kila mwanafunzi aliyebaki ziliongezeka. Kwa hivyo ushindani uliwaamsha walimu usingizini, sawa, lakini haukuwapokonya chakula mezani.

Pia ni kweli kwamba watoto hupungua katika wilaya kwa sababu nyingine nyingi. Wazazi huhama kutafuta kazi, na siku hizi watoto wanaozaliwa ni wachache kuliko zamani. Tukitupia shule za mkataba kila lawama tutakuwa tunamwonea mtu.

Kuna mji mmoja ambao ulikwenda mpaka mwisho wa barabara hii, nao ni New Orleans. Mnamo Agosti mwaka wa 2005 kimbunga Katrina kiliuzamisha mji huo. Serikali ya jimbo la Louisiana ikazichukua shule nyingi za wilaya na kuanza kuzikabidhi kwa mashirika ya mkataba. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 walipoteza kazi, wengi wao walimu weusi waliokuwa wamefundisha humo miaka na mikaka. Matokeo ya mitihani yalipanda, na wanafunzi waliohitimu wakaongezeka. Hilo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wamelithibitisha. Lakini matumizi kwa kila mwanafunzi nayo yalipanda, tena wazazi wengi walilalamika kwamba hawajui tena waende kwa nani mambo yakiharibika. Mwaka wa 2018 shule zikarudishwa chini ya uangalizi wa bodi iliyochaguliwa na wananchi. Na mwaka wa 2024 wilaya ikafungua shule yake yenyewe, Leah Chase School, baada ya kukaa miaka bila kuendesha hata moja. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Methali hiyo inanipeleka kwenye jambo la mwisho, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi. Shule ya mkataba inaweza kusema nafasi zimejaa. Inaweza pia kufungwa. Wilaya haina ruhusa ya kusema hivyo. Mtoto akibisha hodi mwezi wowote, awe kiziwi, awe hajui Kiingereza, ni lazima apokelewe. Katika jimbo la Ohio kulikuwa na shule moja kubwa ya mkataba iliyofundisha kwa kompyuta, watoto wakiwa nyumbani, ikiitwa ECOT. Serikali ya jimbo ilipokagua ikakuta kwamba ililipwa kwa wanafunzi ambao haikuweza kuthibitisha kuwa walisoma, ikadaiwa dola karibu milioni 80. Mnamo Januari mwaka wa 2018, katikati ya mwaka wa masomo, ikafungwa. Wanafunzi kama 12,000 wakawa hawana shule. Walikwenda wapi? Wengi walirudi kubisha hodi katika wilaya walizotoka, ambazo zilikuwa zimepoteza pesa zao kwa miaka mingi, na wilaya zikawafungulia mlango.

Sasa namgeukia yule ndugu yangu wa Kidato cha Kwanza, kama bado hajachoka kusoma. Uliniuliza wale wanaobaki watapata nini. Jibu langu ni hili. Wakati mwingine hupata shule iliyoamka, kama kule New York. Mara nyingi, hasa katika wilaya za maskini, hupata darasa lile lile kwa pesa chache zaidi, kwa sababu pesa huondoka haraka na gharama huondoka polepole. Umbali kati ya mambo hayo mawili lazima ulipwe na mtu. Jimbo lisipoulipa, mtoto aliyebaki ndiye anaulipa kwa maktaba iliyofungwa na muuguzi aliyeondolewa.

Je, mzazi akatazwe kumhamisha mtoto wake? Mimi siwezi kusema hivyo. Mama anayeona mwanawe hajui kusoma ana haki ya kumtafutia pengine, na wala hawezi kungoja miaka kumi bodi ijirekebishe. Ila wale wanaotunga sheria wasiishie kuhesabu watoto walioingia mlango mpya. Wahesabu pia viti vilivyobaki na wanaovikalia, na waipe shule ya zamani muda wa kujipanga. Wakifanya hivyo, uhuru wa mmoja hautakuwa adhabu kwa mwingine.

Hoja ile ikirudishwa tena mwakani nitaiunga mkono, lakini nitaomba iongezwe maneno machache mwishoni: "na wanaobaki wasipunjwe." Kama kuna atakayenipinga, tukutane bwaloni. Na wewe uliyeniuliza swali lile, asante sana. Jiandae, kwa sababu safari hii nakutaka upande wangu.

Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini. Chama chetu kidumu, na Kiswahili kizidi kunawiri.